Mahali Wimbo Unapolala

Miongoni mwa mambo ambayo Joash Ooko aliyaamini bila kuyachunguza, moja lilikuwa hili: kila wimbo una nyumba yake, na mwenye masikio huitambua nyumba hiyo kwa kusikiliza mahali wimbo unapolala. Noti ya mwisho, ile ambayo baada yake mtu hangoji kitu kingine, ndiyo doh. Alilifundisha jambo hili miaka yote aliyoiongoza kwaya ya kwota za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, akilikazia kwa rula juu ya meza, na hakuna mwanakwaya aliyewahi kumpinga. Walikuwa watu wa stoo, wa karakana na wa kiwanda cha pareto. Walifika mazoezini wamechoka, na mtu aliyechoka habishani na kanuni inayozungumzia kulala.

Kwaya hiyo haikuwapo tena. Aliyekuwapo ni Nabalayo, mke wa Joash, kwenye kitanda kilichohamishiwa sebuleni katika nyumba yao ya kupanga mtaa wa Shabab. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono na mguu wa kushoto na kumnyang'anya vyote vilivyobaki, yakiwamo maneno. Hakusema maji. Hakusema Joash. Alichofanya, kila asubuhi baada ya kuogeshwa na kubadilishiwa shuka, ni kufumba mdomo na kuvumisha sauti, taratibu mno, noti moja baada ya nyingine, kama mtu anayerudisha vikombe kabatini na hana haraka ya kumaliza.

Mtaalamu mmoja hospitalini, akiandika jambo lingine, alikuwa amewaambia kwamba wagonjwa wa namna hii wakati mwingine hupoteza maneno wakabaki na nyimbo. Mkiujua wimbo wenyewe, alisema, mkauimba pamoja naye, huenda maneno yakaufuata. Joash hakulisikia neno "huenda".

Aliyemwogesha Nabalayo ni Jepkemei, mke wa mwanawe Ogola. Hakuna aliyemwamuru, jambo hilo lilimwangukia kama kazi nyingi zinavyomwangukia mkaza mwana. Lakini sasa Jepkemei alikuwa amepata nafasi ya kufundisha chekechea huko Rongai, nafasi aliyoiomba tangu kabla ya kuolewa, na muhula ulikuwa unakaribia. Ogola alifanya kazi katika nyumba za kukuzia maua Naivasha na kurudi mwisho wa juma. Joash mwenyewe alikuwa na mgongo usioweza kuinua ndoo, sembuse mtu. Kwa hiyo Ogola alipanga na shangazi yake Trizah, dada wa Joash, kwamba mgonjwa apelekwe Ugenya, akae kwa Trizah, ambako wasichana wa kumgeuza na kumfulia hawakosekani. Gari lingekuja Jumatatu.

Haukuwa mpango wa watu wabaya, na hilo ndilo lililomfanya Joash ashindwe kuupinga. Alijaribu mara moja tu, kwa simu.

"Baba," Ogola alimjibu, na nyuma yake zilisikika feni za nyumba ya maua, "Mama hajui kama ako Nakuru ama ako Ugenya. Kwake yote ni sawa. Anayeumia ni wewe."

"Anaimba kila asubuhi."

"Anatoa sauti, Baba. Kuna tofauti."

Joash alikata simu bila kuaga. Mwanawe, bila kukusudia, alikuwa amemwonyesha mahali pa kusimama. Ikiwa ile ilikuwa sauti tu, basi Nabalayo alikuwa mzigo, na mzigo hupakiwa. Ikiwa ulikuwa wimbo, basi kulikuwa na mtu ndani anayeukumbuka, na mtu anayekumbuka hapakiwi kwenye pikapu bila kuulizwa.

* * *

Jumamosi asubuhi, Jepkemei aliweka kibodi yake juu ya stuli mbili kando ya kitanda. Alikuwa mpigaji katika timu ya sifa kanisani, ile ile timu iliyochukua nafasi ya kwaya ya baba mkwe wake, na katika nyumba hiyo jambo hilo lilizungumzwa kama watu wanavyozungumza kuhusu mvua: bila kumlaumu yeyote aliyeko. Kanisani mwao hakuna mwimbaji anayetangaza ataanzia wapi. Dada yeyote hushika maikrofoni, hufumba macho na kuanza pale koo lake linapoamkia, naye mpigaji humfukuzia nyuma akipapasa vibonye mpaka ampate. Jepkemei alikuwa amewafukuzia wengi. Akishampata mwimbaji, kwa kawaida alibonyeza kitufe cha kuhamisha sauti na kuendelea kupiga kwa vidole vile vile vya siku zote.

"Hicho kitufe usikiguse," Joash alisema.

"Sijakigusa, Baba."

"Nakuona unakitazama."

Nabalayo alianza. Jepkemei alimfuata kwa kidole kimoja, akibonyeza kwa upole ili asimshtue. D, D, kisha E, kisha D tena. Halafu sauti ilishuka kidogo mno, ikagusa kile kibonye cheusi kilicho jirani na D, ikarudi juu. Ilitulia. Ikashuka tena, safari hii ikakipita cheusi na kukaa kwenye cheupe kilicho chini yake, C yenyewe, ikazunguka hapo, na mwishowe ikarudi kulala kwenye D. Nabalayo alinyamaza na kuvuta pumzi. Kisha akaanza upya.

"Inaanzia D na inalala D," Joash alisema. Alikuwa amesimama, jambo ambalo mgongo wake haukulipenda. "Doh ni D. Doh, doh, re, doh, te, doh. Mtoto wa Sunday school angekwambia."

"Lakini hapa chini, Baba." Jepkemei alibonyeza C. "Kama doh ni D, hii nyeupe inafanya nini? Si inafaa kuwa nyeusi? Hii ni ya nje."

"Anashuka kupita kiasi. Misuli imelegea."

"Kila siku analegea kwa noti moja?"

"Jepkemei."

"Nauliza tu, Baba. Mtu akikosea, leo anakosea hivi, kesho anakosea vingine. Mama anaenda pale pale. Hata jana, nikimpaka mafuta, alienda pale pale."

 Joash alikuwa na majibu ya maswali mengi kuhusu noti, lakini mengi aliyatunga enzi ambazo hakuna aliyeuliza. Aliketi, akafunua kitabu cha nyimbo cha zamani, kile chenye solfa juu ya maneno, na kuanza kutafuta wimbo unaoanza doh, doh, re, doh, te, doh. Kabla ya chai ya saa nne aliupata: wimbo mmoja wa mavuno, wa wakati wa sadaka za mahindi, ambao haukuwa umeimbwa Nakuru tangu watu waanze kutoa sadaka kwa simu. Haukufanana sana katika mstari wa pili. Joash aliamua kwamba tofauti hiyo ni ugonjwa.

"Leo mchana wakija," alisema, "tutaimba naye. Wataona."

Jepkemei alizima kibodi. Alimtazama mama mkwe wake, ambaye alikuwa anatazama dari.

* * *

Walifika baada ya chakula cha mchana. Trizah alikuwa amesafiri tangu alfajiri na alikuwa na haki ya kuwa na hasira kidogo. Ogola alitoka Naivasha na mfuko wa nepi za wazee, akaupitisha haraka hadi chumbani kama kitu cha magendo. Wa tatu alikuwa Kahiga, mzee wa kanisa, aliyealikwa kwa ajili ya sala na ambaye hapo kale aliimba besi katika kwaya ya Joash, vibaya. Kahiga ndiye aliyesoma hotuba siku kwaya ilipostaafishwa, akamkabidhi Joash saa ya ukutani. Saa hiyo ilikuwa hapo juu ya mlango wa jikoni, na wageni wote waliitazama walipoingia, kisha wakatazama kwingine.

"Mwalimu," Kahiga alisema, akimshika Joash mkono kwa mikono yake miwili. "Unaonekana vizuri."

"Sionekani vizuri, Kahiga. Keti."

Walizungumza kuhusu barabara, kuhusu mvua iliyokawia, kuhusu godoro: ni lipi litakalowekwa kwenye gari, na kama litalowa. Walizungumza kuhusu nani atakaa nyuma kumshika mgonjwa kichwa kwenye matuta. Walizungumza haya yote hatua tatu kutoka kitandani, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyozungumza mbele ya mtoto mchanga.

"Kabla hatujafika huko," Joash alisema, "nataka msikie kitu. Jepkemei, nipe D."

"Joash," Trizah alisema, "mimi nimekuja kupanga safari. Sikuja rehearsal."

"Ni kitu kidogo, Trizah. Mama Ogola anaimba wimbo. Tutauimba pamoja naye, mtaona."

Ogola aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya aone aibu mapema kwa niaba ya wengine. Jepkemei alibonyeza D. Nabalayo, aliposikia noti ile, aligeuza macho, na baada ya muda mrefu wa kutosha kumfanya Kahiga akohoe, alianza. Joash alidaka. Aliimba wimbo wa mavuno kwa maneno yake yote, akiwapungia wengine mkono wa kuwakaribisha, na Kahiga aliingia na besi yake, kwa adabu. Kwa mstari mmoja walikwenda pamoja, au karibu pamoja, na uso wa Joash ukawa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Mstari wa pili, Nabalayo alishuka kwenye ile noti yake nyeupe. Wao walibaki juu. Sauti mbili ziligongana vibaya, kama mtu anayefungua mlango wakati mwingine anaufunga. Nabalayo alisita.

"Te!" Joash alisema, na kwa mazoea ya maisha mazima aligonga ubao wa kitanda kwa vidole. "Te, Mama Ogola! Usishuke! Te!"

Nabalayo alinyamaza. Kwa mkono wake mmoja mzima alijisukuma kutoka kwenye mto, kidogo kidogo, kazi iliyomchukua muda na ambayo hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa anachokusudia, mpaka uso wake ukaelekea ukutani. Akabaki hivyo.

"Sasa unamfokea mgonjwa," Trizah alisema.

"Sijamfokea. Nilikuwa namrudisha kwenye—"

"Nilikusikia. Sote tulikusikia."

"Baba," Ogola alisema polepole. "Umeona mwenyewe."

Kahiga alipendekeza waombe. Aliomba kwa kirefu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya familia yenye umoja, akawaombea wasafiri wa Jumatatu, na ilipofika amina jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa bila mtu kulazimika kuliamua. Alipoaga, alimpigapiga Joash begani. "Hata sisi tuliimba mavuno siku zile, Mwalimu," alisema. "Usijilaumu."

Joash alimfikiria Kahiga kwa chuki kwa muda wa dakika chache. Chuki hiyo ilimsaidia kubeba vikombe hadi jikoni.

* * *

Jumapili Nabalayo hakutoa sauti. Aliogeshwa, akabadilishiwa shuka, akalishwa uji kwa kijiko, na hakuvumisha chochote. Wengine walipokwenda kanisani, Joash alibaki naye. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka huko nje zilikuja sauti za makanisa manne ya mtaa yakishindana kwa vipaza sauti.

Alijaribu kukumbuka lini alimsikia akiimba peke yake mara ya mwisho. Hii haikuwa kazi ngumu kwa mtu wa umri wake. Kumbukumbu ndiyo nyumba pekee ambayo mwenye nyumba hakuwa amempandishia kodi. Alimwona katika ukumbi wa kwota za reli, ule wenye mabati yaliyopiga kelele kila gari la mizigo lilipopita, ikabidi wasimame katikati ya ubeti na kungoja mabehewa yaishe. Alikuwa msichana kutoka Bungoma aliyekuja kuishi na dada yake, akafanya kazi kwenye kiwanda cha pareto, na sweta yake ilinuka maua yale makavu hata baada ya kufuliwa. Aliimba soprano, sauti ya juu inayoubeba wimbo. Alikuwa na sauti ambayo Joash, akiwa kijana na kwa hiyo bila kiasi, aliieleza kwa marafiki zake kama maji ya mtungi.

Walisafiri. Waliimba Naivasha kwenye harusi ambayo bwana harusi alichelewa mpaka wakaimba kila kitu walichokijua, mara mbili. Waliimba Mai Mahiu siku basi lilipoharibika, wakiwa wamejipanga kando ya malori kwa sababu ya baridi tu, na madereva wakawanunulia chai na mandazi wakidhani ni mazishi. Huko ndiko Joash alikotunga wimbo wake wa kwanza na wa pekee, kuhusu taa ya stesheni inayowaka usiku kwa ajili ya wasafiri, wimbo ambao wapinzani wake waliuita matangazo ya reli. Aliitunga soprano yake kwa ajili ya Nabalayo. Sauti nyingine aliziandika baadaye, kwa lazima.

Kisha walioana, na mwaka uliofuata akapungukiwa na waimbaji wa sauti ya pili. Alto hazipatikani, kila msichana anayeingia kwaya anataka kuimba ule wimbo wenyewe, ule unaosikika. Joash aliwaomba wengine wakakataa. Akamhamisha mkewe, kwa kuwa mke haombwi. Alifikiri itakuwa kwa msimu mmoja. Nabalayo alihamia upande wa kushoto wa mstari na akakaa huko mpaka kwaya ilipokwisha.

Kumbukumbu ya Joash ilipita juu ya jambo hilo bila kusimama. Kilichomjia akilini kilikuwa ile soprano ya ujanani. Aliitazama sana, akamtazama mwanamke kitandani, na akaona kwamba huenda mwanawe alisema kweli.

"Nisamehe ya jana," alimwambia. Alimgeuzia mto. Nabalayo alitazama dari.

* * *

Jumatatu gari lilifika mapema kuliko walivyotarajia. Dereva, jina lake Kibii, alikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua Rongai na hakuficha. Trizah alifunga nguo za mgonjwa kwenye mfuko. Ogola, aliyeomba ruhusa ya siku moja, alikunja godoro la ziada na kulifunga kwa kamba. Jepkemei alimwogesha mama mkwe wake kwa mara ya mwisho, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamvalisha gauni la safari na kumfunga kitambaa. Kisha alisimama akiwa na beseni mkononi, kwa kuwa Nabalayo alikuwa ameanza.

Ilikuwa sauti ile ile, polepole vile vile. D, D, E, D. Jepkemei aliweka beseni chini. Kibodi ilikuwa bado juu ya stuli zake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa. Aliiwasha akaipunguza sauti, na safari hii hakubonyeza noti moja moja. Alibonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, vya G, kama anavyofanya kanisani anapomfukuzia dada aliyefumba macho, akasikiliza kama sauti itakaa juu yake au itateleza.

Ilikaa.

"Baba," aliita. "Kuja kidogo."

Joash alikuja kutoka jikoni akiwa na chupa ya chai ya safari.

"Sikiliza. Hii nyeusi, anaipita tu. Haikai. Ni kama kujikwaa hivi, anaendelea. Lakini nyeupe anakaa. Ona, anakaa. Sisi tulishika ile ya kujikwaa tukasema ndiyo ya ukweli, na ile anakaa tukasema ni makosa." Alibadilisha vidole, akarudi kwenye G. "Nikishika G, zote zinakubali. Zote. Nyeusi ni mgeni tu."

"Kama doh ni G," Joash alisema, "basi yeye yuko kwenye soh. Anaanzia soh, anazunguka soh, analala soh. Hagusi doh hata mara moja. Huo si wimbo, Jepkemei. Hakuna wimbo wa namna hiyo."

"Kwa timu yetu, mtu akiimba hivyo huwa ni bakapu, sauti ya nyuma. Anashikilia. Mwenye wimbo huwa ako kando."

Joash alisimama na chupa yake. Mtu mwingine angesema kwamba alielewa ghafla, lakini haikuwa hivyo; alielewa kwa hatua, kama anavyosoma mtu ambaye miwani yake iko chumba kingine. Alto. Alikuwa anaimba alto. Bila shaka alikuwa anaimba alto: ndiyo kazi aliyopewa. Na sauti ya pili, ukiitenga na wenzake, hailali nyumbani kwa wimbo. Hulala mlangoni, kwa kuwa nyumbani pamekaliwa. Kanuni yake ya rula na meza ilikuwa kweli kwa wale wanaoimba juu. Wengine hakuwahi kuwasikiliza peke yao kiasi cha kujua kwamba haiwahusu.

Alto ya wimbo gani? Soh, soh, lah, soh. Ile noti nyeusi, ambayo sasa ilikuwa fe, yaani fah iliyopandishwa, ilimsumbua. Hakuna alto aliyowahi kuiandika yenye fe. Alto zake zilikuwa karibu soh tupu, soh na soh na soh, alizozijaza jioni moja kabla ya mazoezi ili apate kwenda kulala. Kisha akaiona: wenyewe ndio walioitia. Wale wanawake wa upande wa kushoto, mwaka baada ya mwaka, mwalimu akiwa amewageukia soprano, walikuwa wameichoka ile soh yake na kuipinda kidogo ili iwe na ladha. Aliondoa fe. Kilichobaki alikuwa amekiandika mwenyewe.

"Nipe G," alisema. "Kwa nguvu."

Alianza soprano ya wimbo wake mwenyewe, ile ya taa ya stesheni. Alianza chini, kwa kuwa alikuwa mzee na soprano hiyo iliandikwa kwa koo la msichana. Aliiweka doh kwenye E badala ya G, mahali palipomfaa. Nabalayo alinyamaza mara moja, kama Jumamosi.  Jepkemei aliendelea tu kushikilia G.

Joash aliiacha E yake, akapanda hadi G na kuanza upya. Ilikuwa juu kwake. Sauti yake ilipasuka kwenye noti ya tatu na kuwa kitu ambacho angemfukuzia mtu mazoezini.

*Taa ya stesheni inawaka bado…*

Na chini ya sauti hiyo mbovu, ikichelewa kwa nusu pigo, kama alto wanavyochelewa katika wimbo huo, ilikuja sauti ya Nabalayo ikiwa na mdomo wazi.

*…inawaka, inawaka bado.*

Jepkemei aliuma mdomo. Vidole vyake havikuondoka.

*Ingia, ndugu, usikae baridi…*

*…usikae, usikae baridi.*

Maneno hayakuwa safi. Irabu zilikuwa zimevimba na konsonanti zilikuwa chache. Lakini yalikuwa maneno, yalikuja kwa zamu yake, na hayakuwa ya Joash. Yalikuwa yale ya upande wa kushoto, ambayo ni yeye tu na wenzake wachache waliokuwa na sababu ya kuyajua. Alipofika kwenye fe aliipinda kama walivyoipinda siku zote. Macho yake yalikuwa juu ya mumewe, na yalikuwa makali. Yalikuwa macho ya mtu anayeona mwenzake anataka kutoka nje ya mstari.

Ogola aliingia na godoro begani. "Baba, gari liko tayari. Kibii anasema—"

 Ogola alikuwa amekulia nyuma ya mistari ya kwaya ile, chini ya mabenchi, na kama kuna jambo alilofundishwa mapema maishani ni kwamba ubeti haukatizwi. Alisimama mlangoni na godoro lake. Trizah alifika nyuma yake na mfuko wa nguo, akataka kupita, akaona uso wa mpwa wake, akasimama pia.

Ubeti ulikwisha. Joash alishika ubao wa kitanda apate pumzi.

Ogola aliliweka godoro chini. Alipiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mama yake atoke hospitalini, kwa maana wakati wote huo alikuwa amezungumza naye akiwa amesimama, au hakuzungumza naye.

"Mama," alisema. "Tulitaka kukupeleka Ugenya kwa Aunti. Unataka kwenda?"

Nabalayo alimtazama. Hakuna aliyejua kama alielewa swali. Daktari mwenyewe, walipomuuliza majuma kadhaa baadaye, alisema kwamba kuimba si kuelewa na wasijenge matumaini, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mdomo wa Nabalayo ulifunguka, ukatafuta, ukakosa. Alijaribu tena, na mshipa ulimtoka shingoni, na kilichotoka kilikuwa mlio tu. Ogola alimshika mkono. Kisha Nabalayo aliacha kutafuta, akamgeuzia Joash macho, akangoja.

"Anataka umuanzishie," Jepkemei alisema.

Joash alianza ubeti wa pili. Alifika katikati ya mstari wa kwanza, sauti ikamwishia kabisa, na Nabalayo aliendelea bila yeye, akiimba majibu ya mtu ambaye hakusikika, akinyamaza mahali pa kunyamaza na kuingia mahali pa kuingia.

"Na nani atamgeuza?" Trizah aliuliza kwa sauti ya chini. "Huyu msichana akienda kazi. Nani atamgeuza?"

"Sijui, Aunti," Ogola alisema.

Nje, Kibii alipiga honi. Akapiga tena. Ogola aliinuka, akatoka hadi kizingitini, na wale waliokuwa ndani walisikia mazungumzo yao kwa sababu Kibii hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Boss, tunaenda ama hatuendi? Mimi niko na mzigo Rongai."

"Hebu ngoja kidogo."

"Kidogo ya saa ngapi? Huyo mgonjwa bado?"

Ogola alisikiliza nyuma yake. Ndani, mama yake alikuwa amevuta pumzi na kuanza ubeti wa tatu.

"Enda uchukue mzigo wako," alisema. "Hajamaliza."